Canon ao Nikon: pesa ya shimo isipotee bure

Baba ametoka Rubaya na pesa, kijana anataka kupiga foto za ndoa hapa Goma. Anunue gani, Nikon D7200 ya 2015 ao Canon 80D ya 2016, zilizokwisha tumika?

Zote zina megapikseli 24. Canon ina kioo kinachogeuka. Ni nzuri kwa video. Nikon inaingiza karte mbili: ukiipanga iandike kwa zote, moja ikiharibika foto za maharusi zinabaki. Batri yake inafika foto 1,110, ya Canon 960. Umeme ukikatika, haiko kitu kidogo.

Mbele ya kulipa, uliza imepiga foto ngapi: Nikon ilipimwa kwa 150,000, Canon 100,000. Kwa ndoa, sisi tunachagua Nikon.