Si kila jiwe la kijani ni mali

Wahenga walisema kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Lau wangeishi nasi leo katika nchi kavu za Mbeere na Tharaka, naamini wangeongeza kwamba si kila jiwe la kijani ni mali. Mimi nililijua hilo siku mtoto wa mjomba wangu aliponipigia simu kutoka Ishiara, upande wa Embu. "Njoo upesi," aliniambia. "Mungu ametukumbuka."

Mimi hukaa Meru, nami nimeokota mawe tangu nikiwa mwanafunzi. Basi nikapanda matatu asubuhi. Msomaji anayeijua njia hiyo atakumbuka jinsi nchi inavyobadilika. Huku juu kwetu ni udongo mwekundu na migomba, na mawe ni meusi, kwani yametokana na uji wa moto uliotapikwa na Mlima Kenya yapata miaka milioni 3 iliyopita. Lakini ukishateremka Nkubu na Mitunguu ukaingia Tharaka, unaanza kuona mibuyu na miiba, na mawe yana mistari kama punda milia. Haya ni mawe ya kale mno. Yalizikwa chini ya milima, yakapikwa na kukandamizwa hata yakageuka kabisa, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ukanda wake unatoka Msumbiji, unapita Tanzania na Kenya hadi Ethiopia, na humo ndimo vinamotoka vito vingi vya Afrika Mashariki. Kwa hiyo matumaini ya binamu yangu hayakuwa ya kipumbavu.

MKEBE WA MAWE

Nilimkuta ameketi na mkebe wa maziwa ya unga, umejaa mawe ya kijani. Alikuwa ameuza fahali mmoja wa kulimia ili anunue sururu, nyundo na patasi. Mvua za Oktoba zilikaribia, na shamba la ndengu lilikuwa halijaguswa. Dalali mmoja mjini alikuwa amemwambia kwamba mawe yale ni tsavoriti, akataka shilingi 20,000 za kuyapima na kumtafutia mnunuzi. Mjomba alikuwa amekwisha kubali kumuuza fahali wa pili.

Tsavoriti ni jamii ya kito kiitwacho ganeti, tena ya kijani safi. Jiolojia Campbell Bridges, mzaliwa wa Scotland, aliiona kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaipata nchini Kenya, katika Taita. Mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ya New York iliitangaza kwa jina linalotokana na Tsavo. Jiwe hilo limetajirisha watu, na limemwaga damu pia. Bridges mwenyewe aliuawa na kundi la watu karibu na Voi mwezi Agosti 2009, katika ugomvi uliohusu machimbo.

"Dalali alilikwaruza kioo cha dirisha mbele yangu," binamu aliniambia. "Kioo kikachorwa! Unataka ushahidi gani tena?"

USHAHIDI WA JIWE

Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Ni kweli tsavoriti hukwaruza kioo. Lakini kuna jiwe jingine la kijani liitwalo epidoti, nalo pia hukikwaruza. Jaribio la kioo linakuonyesha tu kwamba hukushika jiwe laini kama serpentini, ambalo hata kisu hulichora.

Kwanza tulitazama rangi. Tsavoriti ni kijani cha majani mabichi baada ya mvua. Mawe ya mkebeni yalikuwa na kijani chenye umanjano, rangi ya ndengu hasa. Hata hivyo rangi peke yake ni shahidi mwongo, maana hata chupa iliyovunjika ni ya kijani.

Pili, umbo. Ganeti hukua kama kitufe chenye nyuso nyingi, na ikivunjika haifuati bapa lolote. Mawe yale yalikuwa marefu, yenye mistari ya urefu kama bua la mtama, na yalipasuka kwa bapa laini. Tatu, nilichukua kipande chembamba chenye kupitisha mwanga, nikakigeuza polepole juani. Upande mmoja kilikuwa kijani, upande wa pili kikaelekea hudhurungi. Ganeti haibadiliki hivyo hata ukiigeuza kutwa nzima.

Binamu alinitazama kwa jicho baya. "Au unayataka wewe?" akaniuliza.

Sikujibu. Kesho yake alfajiri nilimwomba anipeleke mtoni alikochimba. Tsavoriti hupenda kukaa katika miamba yenye grafiti, ile ile ya kutengenezea penseli, ambayo huacha weusi vidoleni. Tulipapasa mwamba wote, vidole vikabaki safi. Epidoti ilikuwa imejaza nyufa pamoja na kwatzi nyeupe. Binamu alivitazama vidole vyake kwa muda mrefu.

KAMA UNAOKOTA

Kwa wasomaji wenye hamu, nawaomba wasiligonge jiwe lenyewe. Vunja mwamba ulio kandokando, ukiwa umekinga macho, kisha ulifunge jiwe kwa gazeti na kuandika mahali ulipolitoa. Jiwe lisilojulikana kwao ni kokoto tu. Isitoshe, kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2016, madini yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri, yanayoshikwa na serikali kwa niaba ya wananchi. Anayetaka kuchimba ili auze lazima apate kibali, hata kama shamba ni la babu yake. Na mwenye shaka asimkimbilie dalali. Aulize wataalamu wa serikali wa madini, ambao makao yao ni Madini House, Nairobi.

Tuliporudi nyumbani nilimweleza mjomba yote. Mzee alinyamaza, akamtazama fahali wake aliyefungwa chini ya mti. "Basi huyu amenusurika," akasema. Binamu hakunisindikiza kituoni siku hiyo, wala sikumlaumu. Aliyepoteza fahali hawezi kumshukuru mara moja anayemwambia ukweli.

Mwezi wa Novemba alinipigia simu tena. Mvua ilikuwa imenyesha na ndengu zimeota. Mawe mengine amempa mwalimu wa shule ya jirani awafundishie watoto, na moja zuri ameliweka dirishani, juu ya kile kioo kilichokwaruzwa. Alipomaliza akacheka, akaniuliza ni lini nitakuja tena ili anipeleke bonde jingine, akaone kama vidole vitaingia weusi. Nami nimemwahidi kwamba nitakuja, baada ya mavuno.