Programu za lupu: Kitufe kimoja chaweza kuharibu ngoma

KWA mwanamuziki anayetumbuiza mbele ya watu, ubora wa programu ya kompyuta haupimwi kwa wingi wa vitufe vyake, bali kwa wepesi wa kukipata kitufe kinachotakiwa kabla pigo halijapita.

Nchini Tanzania jambo hilo limedhihirishwa na singeli, muziki uliozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam na kusambaa hadi miji midogo ya barabarani kama Mkata, wilayani Handeni.

Lupu ni kipande kifupi cha sauti, mathalani mlio wa ngoma au kinanda cha taarabu, kinachokatwa na kurudiwa mfululizo. Katika mchiriku, muziki uliotangulia singeli, kazi ya kurudia ilifanywa kwa vidole juu ya vinanda vidogo vya Casio. Watayarishaji wa singeli waliihamishia kwenye kompyuta, wakitumia programu kama Virtual DJ na FL Studio, iliyoanza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Uganda ilitoa albamu ya Sounds of Sisso, iliyoutangaza muziki huo nje ya Afrika Mashariki.

Ugumu wa kazi hiyo umo katika kasi. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika humpa DJ nusu sekunde kati ya pigo moja na jingine. Singeli huweza kufikia mapigo 300, yaani sekunde 0.2 tu. Mkono ukichelewa kwa sekunde 0.1, katika wimbo wa kwanza kosa ni moja ya tano ya pigo. Katika singeli ni nusu pigo. Na kwa kuwa lupu hujirudia, kosa nalo huongezeka: baada ya mizunguko miwili, lupu iliyozidi kiasi hicho huwa imeachana na ngoma nyingine kwa pigo zima, na mwimbaji hana tena pa kushika.

Ndiyo maana programu nyingi hupewa jukumu la kuusahihisha mkono. Katika Ableton Live, iliyotolewa Berlin mwaka 2001, vipande vya sauti hupangwa kwenye visanduku. Mtumiaji akibonyeza kisanduku, sauti husubiri hadi mwanzo wa mzunguko unaofuata, huku kitufe kikimetameta kuonyesha kuwa amri imepokewa. Bila ishara hiyo, mtu hudhani hakusikika, akabonyeza tena.

Katika Virtual DJ, mtumiaji huchagua idadi ya mapigo, kama 4 au 8, nayo programu hukata yenyewe. Hata hivyo, programu ikiyasoma mapigo 300 kuwa 150, lupu ya 4 hutoka na urefu maradufu. Ni vyema basi kuhakiki hesabu hiyo kabla ya onyesho.

Mpiga gita, ambaye mikono yake yote ina kazi, huhitaji kitufe cha kukanyaga kwa mguu. DJ naye hunufaika akitumia vitufe vya kibodi badala ya kipanya, na akikiweka kitufe cha kusimamisha muziki mbali na vile vya lupu. Kosa dogo la kidole studio hufutika. Jukwaani, wachezaji husimama.