Winchi ya Nanga Huinua, Haivuti Boti

Ukipanda boti ya faiba ya wapiga mbizi au ya wavuvi wa burudani, iwe Watamu, Nungwi au Kilindoni, huenda ukakuta kwenye omo mashine ndogo ya umeme yenye gurudumu la chuma na swichi mbili, moja ya kushusha nanga na nyingine ya kuipandisha. Hiyo ndiyo winchi ya nanga. Mtu hubonyeza swichi kwa unyayo, mnyororo ukapanda, na hakuna mgongo unaoumia. Urahisi huo ndio unaoiponza. Kwa kuwa mashine haihemi wala haitoki jasho, nahodha huitwisha kazi tatu ambazo si zake: kuivuta boti hadi ifike juu ya nanga, kuing'oa nanga iliyojizika mchangani, na kuishikilia boti usiku kucha. Winchi hii imetengenezwa kwa ajili ya jambo moja tu, kuinua nanga na mnyororo unaoning'inia majini. Mota ikiungua kabla ya wakati wake, kabla ya kumlaumu aliyeiunda ni vyema kuuliza ilikuwa ikifanyishwa kazi gani.

Hesabu yake si ngumu. Chukua boti ya mita 9 yenye nanga ya kilo 15 na mnyororo wa milimita 8, ambao kila mita yake ina uzito wa kilo 1.4 hivi. Penye kina cha mita 10, nanga ikishang'oka, kinachoning'inia ni nanga yenyewe na mita 10 za mnyororo, yaani kilo 29, na maji ya bahari hupunguza zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya uzito wa chuma. Zinabaki kama kilo 25. Sasa tazama upepo. Baraza la boti la Marekani lijulikanalo kwa kifupi kama ABYC, ambalo huweka viwango vya uundaji wa boti, hukadiria kwamba boti ya ukubwa huo ikipigwa na upepo wa kilomita 55 kwa saa huvuta nanga yake kwa nguvu ya karibu kilo 318. Nguvu ya upepo hufuata mraba wa mwendo wake, kwa hiyo mwendo ukishuka hadi nusu, mvuto hushuka hadi robo. Upepo wa kusi wa kilomita 37 kwa saa, ambao hakuna baharia wa pwani atakayeuita dhoruba, bado unaacha kilo 140. Makadirio hayo yamewekwa kwa ukarimu, yakihesabu pia mshtuko wa mawimbi, lakini hata ukiyakata nusu, mvuto wa upepo unaizidi mara mbili na ushee kazi ambayo winchi iliundiwa.

Mwenye boti atasema: mbona yangu imeandikwa kilo 500? Imeandikwa kweli, na haikudanganya. Namba hiyo ni nguvu ya juu kabisa, ile ambayo mota huitoa kwa muda mfupi ikiwa inakaribia kukwama, na hapo ndipo inapokula umeme mwingi kuliko wakati wowote. Mzigo wa kufanyia kazi mfululizo ni mdogo zaidi, na kwa kawaida huandikwa kwenye kitabu cha maelekezo ambacho hubaki ndani ya boksi. Kanuni inayotumika sana ni kuchagua winchi ambayo nguvu yake ya juu ni mara tatu au nne ya uzito wa nanga na mnyororo wote. Kwa boti yetu yenye mita 40 za mnyororo, uzito wote ni kilo 71, na mara nne yake ni kilo 284. Kiasi cha ziada ni cha tope linaloganda kwenye nanga, msuguano kwenye omo na betri iliyochoka. Hakikuwekwa ili kupambana na upepo.

Basi boti isogezwe na injini. Baharia anasimama omoni akionyesha kwa mkono upande ambao mnyororo umelalia, maana kwa kelele za injini sauti haifiki, na nahodha anasogea taratibu kuelekea huko. Mnyororo ukilegea, winchi inaukusanya. Ukikaza, unyayo unaachia swichi mpaka ulegee tena. Ni kazi ya mtu anayeteka maji kisimani: anavuta ndoo, havuti kisima. Wapo wanaosema bahari ikiwa shwari hakuna haja ya kuwasha injini, na kwa upande wa mvuto wana haki, kwa kuwa uzito wa mnyororo pekee huisogeza boti polepole. Ila dakika nanga inapoacha chini, boti haina kitu kinachoishika, na penye matumbawe upande mmoja na boti za wenzako upande wa pili, huo si wakati wa kuanza kuhangaika na injini iliyogoma kuwaka.

Nanga iliyonasa inahitaji subira zaidi. Boti ikishafika juu yake na mnyororo kusimama wima, baharia anaufunga kwenye nguzo imara ya omo au anaubana kwa kizuizi chake, kisha anaacha mawimbi yainue omo na kuing'oa, au injini iisukume boti mbele kidogo kidogo. Mshtuko unaingia kwenye nguzo, sio kwenye meno ya winchi. Hivyo hivyo boti ikilala nangani: kamba ya nailoni, ambayo hunyumbuka, inafungwa kutoka kwenye mnyororo hadi kwenye nguzo ili ibebe mvuto wote. Katika maji ya bamvua, ambapo bahari ya Zanzibar hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, mvuto huo hubadilika usiku mzima, na winchi iliyoachwa peke yake hupokea kila pigo.

Sehemu inayopuuzwa kuliko zote ni umeme. Winchi ya wati 1,000 kwenye betri ya volti 12 huvuta zaidi ya ampia 80, na watu wakisikia hivyo hudai kwamba itamaliza betri. Haimalizi. Ampia 80 kwa dakika 3 ni ampia-saa 4 tu, kiasi kidogo kwa betri ya ampia-saa 100. Hatari iko kwenye nyaya. Betri mara nyingi iko nyuma karibu na injini na winchi iko mbele kabisa, hivyo kwenda na kurudi waya unaweza kufika mita 14. Fundi akitumia waya wa shaba wa milimita mraba 10, karibu volti 2 kati ya 12 zinapotea njiani na kuwa joto. Akitumia wa milimita mraba 35, inapotea kama nusu volti. Mota inayokosa volti huenda polepole, kwa hiyo hubeba mzigo uleule kwa muda mrefu zaidi huku ikipata moto. Mwenye boti huona mashine dhaifu, akanunua kubwa zaidi, akaifunga kwenye waya uleule. Injini ikiwa inawaka, altaneta nayo husaidia kuzuia volti zisishuke, jambo linaloongeza uzito kwenye hoja ya kuiwasha. Fyuzi au sakiti breka ya kiwango kilichotajwa na mtengenezaji ni lazima. Anayeiruka ili mashine isikatike-katike anaruka onyo.

Kuna pingamizi la mwisho ambalo naliheshimu: pwani yetu ina vijana wenye mikono, na mikono haipati kutu. Kwa ngalawa au mashua inayotia nanga kwa kamba, ikiwa na mabaharia wanne, pingamizi hilo linatosha kabisa. Mashine hapo ni fedha iliyotupwa. Lakini boti yenye watu wawili na mita 40 za mnyororo ni jambo jingine. Anayevuta kwa mikono hushawishika kubeba nanga nyepesi na mnyororo mfupi, na nanga isiposhika vizuri mara ya kwanza hujiambia itashika tu, kwa kuwa hana nguvu za kuivuta tena. Thamani ya winchi iko katika jaribio la pili na la tatu, jioni, watu wakiwa wamechoka.

Mengine ni ya kuangaliwa dukani. Gurudumu na mnyororo lazima vilingane: mnyororo wa milimita 10 wa kiwango cha Ujerumani cha DIN 766 na ule wa ISO hutofautiana milimita 2 tu kwa urefu wa pete, na hizo zinatosha kuufanya uruke au ukwame. Hakikisha klachi inafunguka kwa mkono, ili nanga iweze kushuka hata umeme ukikatika. Vidole, kanga na nywele ndefu zikae mbali, kwa maana mashine hii haitambui nyama.

Aliye na winchi tayari, kabla ya kununua nyingine, amwite fundi wa umeme apime volti kwenye vituo vya mota wakati nanga inapanda, na hapohapo apime kwenye betri. Tofauti ikizidi volti 1.2, abadilishe nyaya kwanza.