Mtoto Akipimwa Damu: Njia za Kumpunguzia Maumivu ya Sindano

Katika maabara zetu, kilio cha mtoto mara nyingi husikika kabla sindano haijatolewa kwenye pakiti. Ameona glavu na pamba yenye spiriti, akakumbuka mara ya mwisho. Kwa mtoto anayepimwa mara moja kwa mwaka, hofu hiyo hupita. Lakini mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu hupimwa damu tena na tena, na hofu yake inaweza kumfanya mzazi aahirishe kliniki. Kliniki ya selimundu si ya kuahirishwa.

Maumivu haya yanaweza kupunguzwa, na njia zinazofaa zaidi kwa watoto wachanga hazina gharama yoyote. Mama anaweza kumnyonyesha mtoto wakati damu inatolewa: aanze dakika chache kabla ya kudungwa na aendelee hadi baada ya kumaliza. Wapo wanaodhani mtoto atapaliwa au atachukia ziwa, kumbe Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kunyonyesha wakati wa chanjo katika mwongozo wake wa mwaka 2015. Mama, mwambie mhudumu kwamba ungependa kunyonyesha. Usingoje akuulize.

Mtoto mchanga asiyeweza kunyonya wakati huo anaweza kupewa na muuguzi matone machache ya maji ya sukari yaliyotayarishwa hospitalini, kama dakika mbili kabla ya sindano. Hiyo si ruhusa ya kumpa maji ya sukari nyumbani, kwani hadi miezi sita chakula chake ni maziwa ya mama pekee. Asali asipewe kabisa kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Kwa watoto wakubwa kidogo kuna krimu ya ganzi. Inayojulikana zaidi ina dawa mbili, lidokaini na prilokaini. Hupakwa mahali patakapodungwa, ikafunikwa kwa plasta isiyopitisha hewa, na kuachwa kwa angalau saa moja. Saa hiyo ndiyo wengi hukosea: krimu iliyopakwa mlangoni mwa maabara haisaidii chochote. Ngozi ikibadilika ikawa nyeupe au nyekundu kidogo, si jambo la kutisha. Muulize mhudumu mapema atatumia mshipa upi, na ikiwezekana ipakwe sehemu mbili, kwa sababu mshipa wa kwanza huweza kukosekana. Mweleze mtoto pia kwamba ganzi huzuia uchungu lakini bado atahisi mkono ukifungwa na kuguswa. Asiyeambiwa hivyo hudhani amedanganywa.

Si kila kituo kina krimu hii, na mzazi asiinunue dukani akajipimia mwenyewe. Kiasi huamuliwa kwa umri na uzito. Prilokaini ikizidi inaweza kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, na dalili yake ni midomo na kucha kugeuka rangi ya samawati. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja anayetumia septrini, dawa ambayo watoto wengi waliozaliwa na mama wanaoishi na virusi vya ukimwi huanzishiwa wakiwa na wiki sita. Mtaje mhudumu kila dawa anayotumia mtoto. Krimu isipakwe kwenye kidonda, ukurutu wala karibu na macho. Tena haifai sana kwenye kisigino, mahali ambapo watoto hao hutolewa matone ya damu ya kipimo cha virusi. Hapo ziwa la mama linashinda krimu.

Namna ya kumshika mtoto nayo ina uzito wake. Kumlaza chali huku watu watatu wamemkandamiza humwongezea hofu. Mketishe mapajani, kifua chake kikielekea chako, umkumbatie, mkono mmoja ukiwa huru kwa mhudumu. Mtoto wa miaka mitatu na kuendelea anaweza kupuliza mapovu ya sabuni, kuhesabu vigae ukutani au kutazama katuni kwenye simu yako. Anza kabla ya sindano, si baada ya machozi.

Na maneno tuyapime. “Haitauma” ni uongo atakaoukumbuka ziara ijayo. Mwambie, “Utahisi kama umechomwa kidogo, kisha itaisha.” Ile desturi ya kumtisha mtoto mtukutu kwamba daktari atamdunga sindano tuiache nyumbani na hospitalini, wahudumu wetu ndio hulipa gharama yake.

Isipokuwa umeambiwa mtoto asile wala kunywa kitu, mpe maji ya kutosha asubuhi hiyo ikiwa ameshatimiza miezi sita, na umvalishe nguo za joto, kwani mishipa huonekana vizuri zaidi mwili ukiwa na joto. Kama ameandikiwa vipimo kadhaa, uliza iwapo damu yote inaweza kutolewa kwa sindano moja. Mhudumu akijaribu mara mbili bila kupata mshipa, una haki ya kuomba kwa heshima mwenzake ajaribu.

Mtoto mwenye homa kali, degedege au anayepumua kwa shida hasubiri saa moja ya krimu. Huyo apimwe mara moja, akiwa amekumbatiwa.