Saa Tatu Asubuhi, Wakati wa Kulala

Nyuma kidogo ya ufuo wa Muhuru Bay, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, pale boti za omena zinapopakulia, kuna nyumba ya udongo yenye paa la mabati ambayo haipigiwi hodi asubuhi. Wanaoijua hutazama juu kwanza. Paneli ya sola ikiwa imelazwa juani na waya wake umeteremka hadi kwenye betri iliyowekwa kivulini, basi mvuvi mwenye taa amelala, na aliye na neno azunguke jikoni akangoje huko. Mkewe, mama wa makamo ambaye hakutaka jina lake litoke gazetini, alinieleza hayo kwa kunong'ona, huku akimfukuza jogoo kwa kumrushia gunzi la hindi bila jogoo kupiga kelele. Ustadi huo sijauona kwingine.

"Taa na mwenyewe huchaji pamoja, nyathina," alisema. "Ukimwamsha saa hii, usiku yeye atazima kabla ya taa."

Nilikuwa nimefika Muhuru Bay kwa habari nyingine, ile ya mpaka, leseni na kisiwa cha Migingo ambayo kila mhariri hupenda kuirudia. Lakini nyumba ile ilinikaa kichwani. Kurasa za wikendi kama hizi hutoa ushauri mwingi kuhusu starehe ya nyumbani na maisha yenye mizani: zima simu saa tatu usiku, kuleni chajio pamoja, fungua mapazia asubuhi jua liingie, Jumapili pumzika. Ni ushauri mzuri, na umeandikwa kwa ajili ya mtu anayefanya kazi mchana. Mvuvi wa omena akiufuata neno kwa neno, hatalala hata lepe.

Omena huvuliwa usiku wa giza. Taa huwashwa majini, wadudu na vijidudu vya ziwani huifuata, omena huwafuata wadudu, na wavu husubiri chini. Ng'ambo ya mpaka, kwa Watanzania, samaki huyo ni dagaa, na Waganda humwita mukene, lakini kazi ni ileile. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina mvuto na boti hukaa. Siku nyingine zote watu hutoka jua likizama na kurudi alfajiri, macho mekundu, nguo zimelowa. Kwa hiyo saa ya kulala hufika jua linapoanza kuyapiga mabati, na kufikia saa tano chumba kisicho na dari hakikaliki.

Mama huyu alichofanya ni kujenga usiku ndani ya mchana.

Ameanza na juu. Chini ya mabati ametandaza dari ya magunia ya nailoni yaliyofumuliwa na kushonwa pamoja kwa uzi wa nyavu, yakavutwa kwa kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Kati ya magunia na mabati ameacha nafasi inayotosha paka kupita, na paka hupita. Kwenye pembe mbili za juu za nyumba, moja kila upande, kuna matundu ambayo fundi alitaka kuyaziba na yeye akamkataza. Joto la mabati halimshukii mtu aliyelala. Huishia katika nafasi ile na kutoka kwa upepo. Upande mweupe wa magunia umetazama juu. Maandishi yametazama chini, kwa hiyo mumewe hulala akiwa anaangaliwa na picha ya kuku wa mayai na tangazo la uzito wa kilo hamsini, mara nane au tisa hivi, kutoka ukutani hadi mlangoni. Nilipochungulia (mwenyewe alikuwa ameshaamka wakati huo, anakunywa maji), nilihesabu kuku kabla ya kuona kitanda.

Halafu madirisha. Yako mawili, na kila moja lina saa zake. La mashariki ameliziba kwa ubao na blanketi kuukuu, halifunguliwi isipokuwa usiku. La upande wa ziwa ndilo la mchana. Usiku kucha, mume akiwa majini na kitanda kiko kitupu, yote mawili huachwa wazi ili ubaridi uingie na kujaa ukutani na sakafuni. Saa moja asubuhi hufungwa yote, ubaridi ukiwa umenaswa ndani. Ikifika saa saba hivi mchana, la ziwani hufunguliwa, kwa sababu ndiyo saa ambayo nchi kavu imepata joto kuliko maji na hewa ya ziwani huanza kusogea kuelekea nyumbani. Wachoraji wa majumba wa Nairobi hulipwa kuyajua haya. Yeye aliyajua kwa kusimama mlangoni na leso mkononi, akiangalia inakopepea.

"Watu hufungua dirisha mapema kwa huruma," aliniambia. "Wanaona joto, wanasema tumfungulie mzee apate hewa. Hewa ya saa nne ni ya moto. Unamletea joto kwa huruma."

Kuta ni za udongo mnene, na hapo ndipo aliponiweka muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Hazipaki rangi wala simenti. Huzisiriba, pamoja na sakafu, kwa samadi mbichi ya ng'ombe iliyochanganywa na udongo wa kichuguu. Samadi iwe ya asubuhi hiyohiyo, akasisitiza. Ikilala hukauka na kupasuka ukutani. Ng'ombe awe amekula nyasi. Udongo wa kichuguu huchujwa mawe, maji humiminwa kidogo kidogo hadi mchanganyiko ushike kiganja bila kudondoka, kisha mkono hutembea kwa nusu duara, nusu duara juu ya nusu duara, kutoka kona ya mbali kuja mlangoni ili mtu asijifungie ndani na kazi mbichi. Harufu huondoka ikikauka. Kinachobaki ni sakafu isiyo na vumbi, ambayo mguu mtupu huipokea kwa ubaridi hata saa sita mchana. Hunyunyizia maji kidogo dakika chache kabla mume hajafika, si mengi, "ardhi ipumue tu."

Nilimuuliza kwa nini wasiezeke nyasi, kama nyumba ya mama mkwe wake iliyo hatua chache tu pale pale uani, ambayo ndani yake nilihisi tofauti mara nilipoinama kuingia. Alicheka hadi akaziba mdomo. Nyumba iliyo baridi kuliko zote katika dala ile, yaani boma lao, ndiyo pekee ambamo mumewe hawezi kulala, kwa kuwa kwa desturi ya Wajaluo mwana aliyekomaa halali nyumbani kwa mamake. Na kurudi kwenye nyasi wao wenyewe? Mabati ni heshima, akasema, na hakuna mtu atakayeyashusha aliyoyapandisha kwa omena. Basi wanaishi na heshima hiyo na magunia chini yake.

Baada ya chumba kuna mtu mwenyewe, naye pia ana taratibu zake. Akitoka ziwani hupandisha kofia ya koti hadi kwenye nyusi na kutembea akitazama chini. "Akilitazama jua, halali," alisema mama, kwa uhakika wa mtu asiyehitaji kuthibitishiwa. Mwaka 2017 Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi saa iliyo ndani ya chembe za mwili inavyofanya kazi. Waliichunguza kwa inzi wadogo wa matunda. Saa hiyo hurekebishwa na mwanga, na mwanga wa asubuhi huiambia kuwa siku imeanza. Madaktari huwashauri manesi wa zamu ya usiku wavae miwani ya giza wakielekea nyumbani. Hii ya Muhuru ni kofia ya koti.

Mlangoni huvua nguo zote za kazi, zibaki nje na nzi wake. Huoga maji ya vuguvugu. Ya baridi humwamsha. Hupewa uji wa wimbi. Chai hapana, chai ni ya kuamkia. Na kuna jambo ambalo mama alilirudia mara mbili: hakuna hesabu. Omena wamepatikana karai ngapi, nani hajalipa, mafuta ya injini, karo, kijana gani wa botini ameomba fedha mapema, yote hayo yana saa yake, saa kumi jioni, mtu akiwa ameamka na amekula ugali. "Deni likiingia chumbani halitoki," alisema. Nimewasikiliza washauri wa ndoa wakizungumza kwa muda mrefu zaidi bila kufika hapo.

Kitandani kuna chandarua mchana kweupe, maana harufu ya omena haiondoki yote kwa maji na nzi hawajui saa. Nilimuuliza kama kuna cha pili. Alitazama upande wa uwanja wa kuanikia, akanitazama mimi, akabadilisha mazungumzo. Watafiti waliopita vijiji vya wavuvi kando ya ziwa hili walichapisha mwaka 2008 kwamba vyandarua vya malaria vilikuwa vikitumika kuanikia samaki, kwa kuwa hukausha haraka na bei yake ni nafuu. Sikumkumbusha.

Pembeni mwa kitanda kuna nyungu ya maji iliyokalishwa kwenye mchanga, nayo hutoa jasho mchana kutwa. Mtungi wa plastiki uko jikoni kwa kazi nyingine. Homa Bay, zaidi ya miaka 20 iliyopita, wataalamu wa maji salama walilinganisha vyombo hivyo viwili, na nyungu yenye mdomo mwembamba na bomba ikaonekana inafaa. Watu waliipenda kwa sababu aliyonitajia mama bila kuulizwa, kwamba maji yake yanamshusha mtu joto.

Wikendi ya nyumba hii haifuati Jumamosi. Mwezi unapokuwa mpevu boti hukaa ufukweni karibu juma zima, na ndipo kuta husiribwa, nyavu hushonwa, wagonjwa hutembelewa, chama hukutana. Shule hazijui hilo. Siku ya wazazi hupangwa Nairobi au Migori na huangukia giza, baba anakwenda akisinzia au haendi kabisa. Na juma la mbalamwezi lenyewe si raha tupu. Mume hulala usiku kama watu wengine, halafu saa nane huamka, hutoka uani, hukaa. "Siku za kwanza ni kama nimepata mgeni," alisema mkewe. Kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, serikali inapofunga uvuvi wa omena ili wazaliane, mgeni huyo hukaa miezi minne, mvua za masika zinanyesha, na mfuko uko mtupu. Halafu kuna suala la usiku wenyewe: shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka kazi ya zamu za usiku mwaka 2007 katika kundi la mambo yenye uwezekano mkubwa wa kusababisha saratani. Sijui mvuvi afanye nini na taarifa hiyo. Omena hawavuliwi mchana.

Lakini swali lililonifanya niandike ni jingine, na nilichelewa kuliuliza. Yeye hulala lini?

Alianza kunihesabia. Alfajiri yuko ufukweni kupokea samaki. Jua likichomoza anaanika, kisha anageuza, anafukuza ndege na mbuzi, anatazama mawingu. Katikati ya hayo analinda usingizi wa mtu mwingine. Jioni anakusanya, anajaza magunia, anampa mume chakula na kumwona akienda. Usiku ni wa watoto na vitabu vyao, halafu kitanda. Hapo nilidhani tumefika. Hapana: Ziwa Viktoria huwa na dhoruba zake usiku, na mwanamke ambaye mumewe yuko majini husikiliza upepo hata akiwa amefumba macho.

"Mvua ya mchana," alisema hatimaye. "Ikinyesha hakuna kuanika. Hapo nalala."

Omena iliyonyeshewa huharibika, na mara nyingi mnunuzi wake huwa mtengenezaji wa chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa. Nilimtazama kuona kama analalamika. Alikuwa akikunja leso.

Nyumba ina chumba cha pili, na hicho hakina magunia. Mchana mtu hukaa humo kwa dakika chache kisha hutoka nje. Mama anataka kukiwekea dari ya mbao nyembamba, ya kununua safari hii. Mume, aliyekuwa ameamka na kujiunga nasi kwenye benchi la jikoni saa kumi ilipotimia, saa ya hesabu, anataka taa ya pili. Alizungumza kwa upole, mtu mrefu mwenye sauti iliyokauka. Taa ya pili italeta samaki, alisema; dari haileti. Na kisha akauliza, kwa mshangao wa kweli kabisa, si kwa ubishi: chumba kile cha nini, nani hulala kule mchana?

Mkewe hakumjibu mbele yangu. Zamu yake ya kupokea fedha za chama ni juma la mwezi mpevu ujao, na hadi nilipopanda boda boda kuelekea barabara ya Migori walikuwa bado hawajakubaliana.