Mama, Msaidie Mtoto Wako Kuelewa Asilimia

Watoto wengi huenda vizuri na hesabu za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Lakini wafikapo darasa la tano na la sita, baadhi yao huanza kurudi nyuma. Daftari lililokuwa limejaa vema sasa limejaa alama za makosa, na mtoto aliyekuwa akilionyesha kwa furaha huanza kulificha. Ukichunguza utaona kwamba mara nyingi mambo yaliharibika pale zilipoanza sehemu, desimali na asilimia.

Hapo akina mama wengi husema, "Hayo ni ya mwalimu. Mimi niliishia darasa la saba." Wengine huongeza maneno ambayo mtoto huyabeba maisha yake yote: "Hata mimi hesabu zilinishinda, ndiyo damu yetu." Mama msomaji, hesabu hazirithiwi kwa damu. Mwanamke anayeuza mboga sokoni Majengo, anayepima mtama wa kutosha familia mpaka mavuno, au anayeweka hisa kwenye kikundi, anatumia asilimia karibu kila siku bila kuiita kwa jina hilo. Unachokijua tayari kinatosha kuanza kumsaidia mtoto wako.

Kwa nini tujali

Sababu ya kwanza ni masomo. Asilimia humfuata mtoto katika riba, faida na hasara, takwimu, na hata katika sayansi na jiografia. Akiingia kidato cha kwanza katika shule ya serikali, lugha ya kufundishia hubadilika kuwa Kiingereza. Mtoto aliyeielewa asilimia vizuri kwa Kiswahili atakuwa na kazi moja tu, ya kujifunza jina jipya la kitu anachokijua. Ambaye hakuielewa atakuwa na mizigo miwili kwa pamoja.

Sababu ya pili ni maisha. Wanawake wengi wamepoteza vyombo, mifugo na hata amani ya ndoa kwa ajili ya mikopo ambayo watu wameipa jina la "kausha damu". Wengi wao waliambiwa asilimia ya riba kabla ya kutia sahihi, ila hawakukaa chini kuipiga hesabu. Binti yako wa miaka 12 akijua hesabu hiyo leo, huenda ataiokoa nyumba yake kesho.

Maana yake ni nini

Neno lenyewe limebeba jibu, maana ndani yake mna "mia". Asilimia ni kuhesabu kitu kana kwamba kimegawanywa katika sehemu mia zilizo sawa. Yule mchungaji katika Luka 15:4 alikuwa na kondoo 100, akapotelewa na mmoja. Aliyepotea alikuwa asilimia 1 ya kundi, na waliobaki walikuwa asilimia 99.

Usianze na kalamu. Chukua maharage au punje za mahindi 100, umwambie mtoto azipange juu ya mkeka mistari 10, kila mstari punje 10. Mwambie atenge mstari mmoja: hiyo ni asilimia 10, yaani sehemu moja ya kumi. Atenge miwili: asilimia 20, sehemu moja ya tano. Atenge mitano: asilimia 50, nusu kamili. Halafu mwulize robo ni punje ngapi. Akishajibu 25 mwenyewe, bila kuambiwa, amekwisha kuvuka mto.

Watoto wanaokwenda shule ya Jumapili wana mifano tayari. Fungu la kumi ni asilimia 10. Yusufu alimshauri Farao kukusanya sehemu moja ya tano ya mazao ya Misri katika miaka ya shibe (Mwanzo 41:34), nayo ni asilimia 20. Na katika Nehemia 5:11 wakuu wanaambiwa wawarudishie maskini mashamba yao pamoja na sehemu ya mia waliyokuwa wakiwatoza. Hiyo ni asilimia 1 hasa. Wafafanuzi wengi wa Biblia huielewa kuwa ilitozwa kila mwezi, yaani asilimia 12 kwa mwaka, na hata hiyo Nehemia aliiona kuwa ni kuwaonea ndugu.

Swali la kwanza: "Mia yangu ni ipi?"

Hapa ndipo penye siri ya hesabu zote za asilimia. Mfundishe mtoto kwamba kabla ya kuandika chochote ajiulize: kitu kizima ni kipi? Kitu gani nimekiita mia? Baada ya hapo atakuta kuna mambo matatu tu: kitu kizima, sehemu yake, na asilimia. Swali litampa mawili na kumtaka atafute la tatu. Kwa hiyo maswali yote, hata yakivaa nguo mbalimbali, ni ya aina tatu.

Aina ya kwanza ni kutafuta sehemu. Tuseme mmepeleka mashineni kilo 60 za alizeti, na mafuta ni asilimia 30 ya uzito huo. Kitu kizima ni kilo 60. Mwambie atafute kwanza asilimia 10, kwa kugawanya kwa 10: ni kilo 6. Asilimia 30 ni mara tatu yake, yaani kilo 18. Njia hii ya kupitia kwenye 10 ni nzuri kwa sababu mtoto anaweza kuifanya kichwani. Akitaka asilimia 5, achukue nusu ya ile 10. Akitaka asilimia 1, agawanye kwa 100. Kwa vipande hivyo anaweza kujenga asilimia yoyote, kama vile tunavyopata Sh. 1,700 kwa noti na sarafu.

Aina ya pili ni kutafuta asilimia. Mtoto ameleta alama 30 kati ya 50 za Kiswahili, na 18 kati ya 25 za hisabati. Mama anasifu 30 na kuguna juu ya 18. Lakini tukilifanya kila jaribio kuwa la alama 100, tutazidisha la kwanza kwa 2 na kupata asilimia 60, na la pili kwa 4 na kupata asilimia 72. Kumbe hisabati ndiyo iliyostahili sifa! Kazi mojawapo ya asilimia ni hii, kulinganisha vitu ambavyo havikuanzia mahali pamoja.

Aina ya tatu ni kutafuta kitu kizima, na ndiyo inayowashinda wengi. Umenunua sare ya shule kwa Sh. 9,000 baada ya kupunguziwa asilimia 10. Bei ya mwanzo ilikuwa ngapi? Mtoto wengi hutafuta asilimia 10 ya 9,000, wakaongeza 900, wakaandika 9,900. Wamesahau swali letu. Mia haikuwa 9,000, ilikuwa ile bei ya mwanzo. Kama asilimia 10 iliondolewa, basi 9,000 ni asilimia 90. Ukigawanya kwa 9 utapata asilimia 10, ambayo ni 1,000. Kwa hiyo bei ya mwanzo ilikuwa Sh. 10,000.

Makosa ya kawaida

Sikiliza mazungumzo kama haya jikoni:

"Mwanangu, kitenge ni Sh. 8,000 na mwenye duka anapunguza asilimia 10. Nitalipa ngapi?"

"Utalipa 7,990, mama."

"Haya, kwa hiyo amenipunguzia shilingi ngapi?"

"Kumi."

"Shilingi kumi inanunua nini siku hizi?"

"Hakuna kitu."

"Basi rudi kwenye punje zetu. Kitu kizima ni kipi?"

"Ni 8,000. Asilimia 10 yake ni 800. Utalipa 7,200."

Mama huyu hakusema "mjinga wewe", wala hakutoa jibu. Aliuliza swali lililomfanya mtoto aone mwenyewe kwamba jibu lake halikai. Mtoto aliyechanganya asilimia na shilingi si mvivu, bado hajaona tu kwamba asilimia haina maana mpaka tujue ni asilimia ya nini.

Kosa la pili ni la kupanda na kushuka. Sisi wa Dodoma tunajua jinsi bei ya nafaka inavyopanda miezi ya mvua, wakati ghala zimekwisha, na kushuka baada ya mavuno. Tuseme debe la mtama ni Sh. 20,000, likapanda kwa asilimia 25. Sasa ni Sh. 25,000. Baadaye likashuka kwa asilimia 25. Je, limerudi pale pale? Karibu kila mtoto atasema ndiyo. Lakini mara hii kitu kizima ni 25,000, na asilimia 25 yake ni 6,250. Bei mpya ni Sh. 18,750. Mia imebadilika, kwa hiyo asilimia ile ile imezaa fedha tofauti.

Hesabu ya mkopo

Mtoto wa darasa la saba anaweza kabisa kufanya hesabu hii, na ni vema aifanye pamoja na wazazi wake. Mtu anakopa Sh. 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Kumi husikika kuwa kitu kidogo. Lakini mwulize mtoto: asilimia 10 kwa muda gani? Asipopunguza deni kwa miezi sita, riba peke yake ni Sh. 60,000. Na kama kila mwezi riba isiyolipwa inaingizwa kwenye deni, mia inakua kila mwezi: 110,000, kisha 121,000, kisha 133,100, kisha 146,410, kisha 161,051, na mwezi wa sita ni zaidi ya Sh. 177,000. Mwache mtoto azipige mwenyewe mstari kwa mstari. Hataisahau.

Mweleze pia kwamba si kila riba ni sawa. Katika vikoba, riba wanayolipa wanachama hurudi kwao wenyewe mwisho wa mzunguko. Na ipo mikopo ya halmashauri isiyo na riba. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Mwanamke anayeelewa asilimia anaweza kusoma tangazo hilo na kuuliza maswali bila woga.

Mambo ya kuzingatia nyumbani

Tenga dakika 15 tu kila jioni. Haba na haba hujaza kibaba. Saa nzima ya kugombezana inazaa chuki ya somo.

Mpe binti nafasi sawa na kaka yake. Katika nyumba nyingi, wakati mvulana ameshika daftari, msichana anaosha vyombo na kumbeba mdogo wake. Halafu matokeo yakitoka tunasema wasichana hawawezi hesabu. Gawanyeni kazi, na baba naye ashirikishwe.

Usimlinganishe na mtoto wa jirani. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita.

Mwache akueleze. Hata kama wewe hujui, sema, "Nifundishe." Anayemweleza mwenzake hugundua mwenyewe mahali alipokwama. Pakibaki fundo, nenda kamwone mwalimu wake kwa heshima, ukiwa na daftari mkononi.

Mazoezi ya familia

1. Mama ameuza karanga kwa Sh. 45,000. Fungu la kumi ni shilingi ngapi, na kinabaki nini?

2. Katika kuku 40, mdondo umeua 6. Ni asilimia ngapi?

3. Sweta limeuzwa Sh. 12,000 baada ya kupunguzwa asilimia 20. Bei ya mwanzo ilikuwa ngapi?

4. Ile asilimia 10 ya halmashauri imefika Sh. 500,000,000. Fungu la wanawake ni kiasi gani?

5. Zabibu mbichi kilo 100 zina asilimia 80 ya maji. Zikaanikwa mpaka maji yakawa asilimia 20 ya uzito uliobaki. Sasa zina kilo ngapi?

Majibu

1. Sh. 4,500, na zinabaki Sh. 40,500.

2. Asilimia 15.

3. Sh. 15,000, kwa kuwa 12,000 ni asilimia 80.

4. Sh. 200,000,000. Anayetafuta asilimia 4 ya milioni 500 amekosea, kwa sababu kitu kizima hapa ni lile fungu la 10, na 4 katika 10 ni asilimia 40.

5. Kilo 25. Maji yamepungua, lakini nyama ya zabibu haikupungua: ilikuwa kilo 20 na bado ni kilo 20. Sasa kilo hizo 20 ni asilimia 80, kwa hiyo zote ni kilo 25.

Swali la tano lifanyeni mkiwa mmekaa pamoja, baba, mama na watoto. Msikate tamaa likiwasumbua. Mtoto akiona wazazi wake wanafuta, wanaanza upya na kucheka, atajifunza kwamba kukosea si aibu, na kesho hataficha daftari lake.