Ulimi wa Kocha, Miguu ya Mwanariadha

Wahenga walinena kwamba maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Je, yanaweza kumtoa mkimbiaji mkiani na kumfikisha mbele? Nimekimbia mita 1,500 kwa miaka mitatu hapa Nakuru, chini ya makocha wa kila namna, nami najibu: yanaweza, mradi yawe na maana.

Kuna kocha wa kunguruma. "Kimbia! Mbona unajikokota kama kobe?" Haya, nimesikia, lakini nifanye nini? Niinue magoti ama nilegeze mabega? Hasira imefika, mafunzo hayajafika. Mkimbiaji akishaogopa, mabega hupanda, ngumi hukazwa na pumzi hukatika, kwa hivyo nguvu za kumalizia mzunguko wa mwisho huisha mapema. Isitoshe, mwoga huficha maumivu. Mwenzangu mmoja alificha maumivu ya muundi majuma kadhaa, akihofia kuitwa mlegevu. Aliposema, mguu ulikuwa umeharibika na mashindano ya muhula mzima yakampita.

Kuna pia kocha wa sifa za bure. Kwake kila kitu ni "vizuri sana", hata tukivuta miguu. Huyu tunampenda kweli, lakini saa zetu hazipungui hata sekunde moja.

Kocha wa tatu husema machache, husema wazi, kisha husikiliza. Bonde letu la Ufa lina mifano. Patrick Sang, aliyepata nishani ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka 1992, alimpa kijana wa Nandi ratiba ya mazoezi. Kijana akaimaliza, akarudi kuomba nyingine, na nyingine tena. Kijana huyo ni Eliud Kipchoge, aliyeshinda dhahabu ya marathoni katika Olimpiki za Rio mwaka 2016 na za Tokyo mwaka 2021. Ratiba iliyoeleweka ilimfaa kuliko makelele.

Naye Bruda Colm O'Connell alitoka Ireland mwaka 1976 kuja kufundisha Jiografia katika shule ya St Patrick's, Iten. Hakuwa mtaalamu wa riadha, kwa hivyo ilimbidi ajifunze kwa kuwatazama vijana na kuwasikiliza. Mwanariadha wake David Rudisha alikimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 jijini London mwaka 2012, akavunja rekodi ya dunia.

Sisemi kocha asipaze sauti kamwe. Uwanjani kuna upepo na kelele za mashabiki, na "Legeza mikono!" ni lazima isikike. Tofauti ni kwamba sauti hiyo inarekebisha jambo moja, haimtukani mtu.

Hata hivyo, kuambizana kuko, kusikilizana hapana. Sisi wanafunzi nasi tuna wajibu: tukiumia tuseme siku hiyo hiyo, na tusipoelewa tuulize. Kwa walimu wetu wapendwa, nina ombi moja dogo. Kabla ya kupuliza filimbi ya kuanza mazoezi, tuulizeni: "Nani anaumwa leo?" Kisha ngojeni jibu. Swali hilo halichukui hata dakika moja, na linaweza kuokoa mguu wa mtu.